Kukusanya na kuonyesha fuwele za kalsaiti: mwongozo kwa wakazi wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Ukitoka Mbeya mjini kwa njia ya Tunduma, ukishaiacha Mbalizi, hufiki mbali kabla ya kuingia kwenye nchi ya mawe ya chokaa ya Songwe. Huko jiwe huchimbwa likasagwa kuwa saruji, au likachomwa tanuruni likawa chokaa ya kupaka nyumba. Ni kazi njema, imejenga nusu ya nyumba zetu. Lakini ndani ya mawe hayohayo, kwenye nyufa na vitundu vilivyoachwa na maji, zimo fuwele za kalsaiti: nyeupe, za manjano ya asali, na mara chache zile safi zinazopitisha mwanga. Nyingi huingia kinuni bila mtu kuzitazama hata mara moja. Huu ni mwongozo kwa anayetaka kuziokoa chache, azitunze vizuri nyumbani au shuleni, na aweze kumweleza mgeni zimetoka wapi.

Jua unachoshughulika nacho

Kalsaiti ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai. Ina tabia tatu ambazo zitakuongoza kuanzia machimboni hadi kabatini.

Ya kwanza ni ulaini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti iko 3. Ukucha wako uko karibu 2.5, kwa hiyo hauikwaruzi. Lakini kisu, sindano na hata mchanga wa kawaida vinaikwaruza.

Ya pili ni kupasuka. Ukiigonga haivunjiki ovyo, bali hupasuka kwa pande tatu zilezile kila mara na kukuachia vipande vya umbo la sanduku lililolalia upande, vyenye pembe za takriban nyuzi 75 na 105. Pigo moja lililokosewa hugawa fuwele nzima.

Ya tatu ni kuogopa asidi. Siki, ndimu, dawa ya kusafishia choo, vyote huila.

Itambue kabla ya kuibeba

Watu wengi huku huchanganya kalsaiti na kwatzi, hasa waliozoea mawe meupe ya machimbo ya dhahabu ya Chunya. Kuzitenganisha ni rahisi. Chukua kipande kilichokatika, kamwe si fuwele yenyewe, ujaribu kukwaruza kioo cha chupa. Kwatzi ina ugumu wa 7, itaacha mkwaruzo. Kalsaiti itateleza. Kisha geuza mambo: kisu kikiikwaruza bila taabu lakini ukucha ukashindwa, uko karibu na jibu. Ukucha ukiweza, hiyo huenda ni jasi.

Malizia kwa tone la siki kwenye upande wa nyuma. Kalsaiti itatoa mapovu madogo. Ukiwa na shaka, saga unga kidogo kwa ncha ya kisu na udondoshee siki hapo. Dolomaiti, ambayo ni ndugu yake wa karibu, hukaa kimya ikiwa jiwe zima na kuanza kutoa mapovu polepole ikiwa unga. Suuza mahali hapo kwa maji mengi mara tu ukishaona jibu.

Omba ruhusa, na uombe kwa mtu sahihi

Hapa wakusanyaji wengi wanaruka hatua. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake ya 2017, inaweka madini yote mikononi mwa umma, Rais akiyashikilia kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba anaweza kukuruhusu kukanyaga shamba lake, lakini kilicho chini ya udongo si chake kukugawia. Kwenye machimbo, anayeweza kukujibu ni mwenye leseni. Kabla ya kubeba chochote, pita Ofisi ya Afisa Madini Mkazi uwaeleze unachotaka kufanya na uulize karatasi gani inahitajika. Ukianza kuuza mawe unahitaji leseni ya biashara ya madini, na ukitaka kuyatoa nje ya nchi unahitaji kibali. Usimpe mgeni wa Ulaya fuwele begini ukidhani umemfanyia wema. Anaweza kushikwa nayo uwanja wa ndege.

Kijijini anza kwa mwenyekiti au mtendaji. Machimboni anza kwa msimamizi, na usianze kwa kueleza sayansi. Salamu kwanza, kisha shida yako kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Nakusanya mawe ya kufundishia watoto. Naomba nitazame kifusi chenu, sitachimba." Jibu utakalopata mara nyingi ni la aina hii: "Marahaba. Mawe yapo tele mwanangu, angalia tu, ila usisogelee ule ukingo." Neno "kifusi" ndilo linalofungua mlango. Anayeomba kifusi anaomba kilichokwisha kutupwa.

Kuna mahali ambapo hakuna cha kuomba. Ndani ya hifadhi za taifa, Kitulo na Udzungwa zikiwemo, usiokote hata kokoto. Isimila karibu na Iringa kuna zana za mawe za watu wa kale, zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jiwe moja likihamishwa hapo linaharibu ushahidi usiorudi. Kimondo cha Mbozi nacho kiachwe kama kilivyo.

Mahali pa kutazama

Mawe ya Songwe yamezaliwa na maji moto. Matawi ya Bonde la Ufa yanakutana karibu na Mbeya, na kwenye nyufa zake maji hupanda kutoka chini yakiwa yamebeba kaboneti. Yakifika juu hewa ya ukaa huyatoka, kama soda iliyofunguliwa, na maji hayawezi tena kubeba mzigo wake: kalsaiti huganda tabaka juu ya tabaka. Jiwe linalozaliwa hivyo huitwa travatini, na ndilo linalolisha kiwanda cha saruji cha Songwe. Mengi yake ni tabaka zenye mistari zisizo na fuwele za kuonekana. Fuwele zenye umbo huhitaji nafasi ya kukua, kwa hiyo tafuta uwazi: ufa, kitundu, mfuko ndani ya jiwe. Jiwe lililopasuka likaonyesha kitundu kinachometameta ndilo la kuinama.

Zile tabaka zenye mistari ya kahawia na krimu usizidharau pia. Zikikatwa na kung'arishwa na fundi mwenye mashine ya kukatia vigae, ni nzuri kuliko nyingi ya fuwele ndogo. Wafanyabiashara huziuza kwa jina la oniksi, lakini ni kalsaiti.

Mlima Panda, kusini-magharibi mwa jiji, ni habari nyingine kabisa. Pale kalsaiti haikutoka baharini wala kwenye chemchemi. Ilipanda kutoka chini ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, ikaganda kuwa mwamba uitwao kabonataiti. Dunia nzima leo ina volkano moja tu hai inayotoa magma ya jamii hiyo, nayo ni Ol Doinyo Lengai huko kaskazini kwetu. Kabonataiti ya Panda inajulikana zaidi kwa niobiamu yake, ambayo ni aina ya metali, na mwamba wake una chembe kubwa nyeupe na za kijivu zilizobanana, zisizo na umbo la fuwele huru. Kwa jicho la mpita njia si kitu. Kwa mkusanyiko wa Mbeya, kipande kimoja cha Panda kilichopatikana kwa njia halali kikiwekwa kando ya travatini ya Songwe kinasimulia mambo makubwa: madini yaleyale, moja kwa moto wa chini, jingine kwa maji.

Nenda mwezi Mei. Mvua zimekata, zimeosha kifusi, njia zinapitika, na vumbi la Julai bado halijafunika mawe. Fika asubuhi jua likiwa chini, utembee ukilielekea. Nyuso za fuwele zitakurudishia mwanga kabla hujaziona umbo.

Sasa tahadhari, na hizi sizisemi kwa kujaza karatasi. Uliza saa za kulipua baruti na uwe mbali. Usisimame chini ya ukuta wa machimbo uliokatwa wima. Usiingie kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, hata kama wenyeji wanaingia. Chunya usiguse mawe wala mchanga wa marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu), wala chochote kando ya sehemu za kuoshea dhahabu: kuna zebaki, na kwingine sayanaidi, na havionekani kwa macho. Kwenye chemchemi za Songwe maji yanababua ngozi, na ukoko wa ukingoni unaweza kukatika ukiukanyaga. Mapango yenye popo yaache. Kinyesi cha popo kina kuvu inayoshambulia mapafu, na zile nguzo za mawe zinazoning'inia huchukua miaka mingi mno kukua hata kidogo. Mtu anayezivunja apeleke nyumbani hapeleki kitu cha thamani, maana zikikauka hupoteza mng'ao wake wote.

Kulitoa jiwe

Vifaa ni vichache: nyundo ya kilo moja, tindo mbili za upana tofauti, miwani ya usalama, glavu, magazeti, na trei za mayai za karatasi. Sururu na mtaimbo viache nyumbani, hivyo ni vya anayechimba.

Kanuni ni kwamba nyundo haigusi fuwele. Unapiga jiwe mama, yaani mwamba uliobeba fuwele, na unapiga mbali, angalau upana wa kiganja. Fuwele iliyokaa kwenye jiwe mama lake ina thamani mara nyingi kuliko iliyong'olewa, kwa sababu mtazamaji anaona ilivyokua. Funika fuwele kwa kitambaa kinene, weka tindo kwenye ufa uliopo tayari, gonga kidogokidogo ukizunguka. Jiwe likikataa, libebe kubwa hivyohivyo ukalipunguze nyumbani, au liache. Pigo la hasira hupitia kwenye mwamba na kuipasua fuwele kwa ndani. Utaona rangi za upinde wa mvua zikicheza chini ya uso wake, na hiyo ni dalili kwamba imeshaachana.

Funga kila jiwe peke yake kwa karatasi laini ya chooni, kisha gazeti. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa kwenye ncha na kuzing'oa. Fuwele ndogo zikae kwenye trei ya mayai, trei ya pili juu yake, ufunge kwa kamba. Kwenye basi la kwenda Iringa mzigo huo unakaa mapajani, hauingii buti.

Andika papo hapo

Kama utaisahau hatua nyingine zote, hii uishike. Fuwele nzuri isiyo na mahali ilipotoka ni pambo tu. Fuwele ya wastani yenye mahali, tarehe na maelezo ni ushahidi: mwanafunzi anaweza kuitumia, mtafiti anaweza kuirudia, na siku machimbo yakifukiwa, kipande chako huenda ndicho kilichobaki.

Kumbukumbu haisubiri nyumbani. Ukiwa bado umechuchumaa pale, andika kwenye kipande cha karatasi na ukifunge pamoja na jiwe. Piga picha mbili kwa simu, moja ya jiwe likiwa mahali pake na nyingine ya eneo zima, na uchukue majira ya nukta, yaani namba za mahali ulipo, kwenye ramani ya simu. Nyumbani hamishia yote kwenye kaunta buku, kwa wino usiofutika. Ingizo moja linaweza kusomeka hivi:

K-14. Kalsaiti, fuwele za ncha kali, manjano hafifu, urefu hadi sentimita 2. Kutoka kifusi cha machimbo ya mawe ya chokaa, eneo la Songwe, Wilaya ya Mbeya, Mkoa wa Mbeya. 17/5/2025. Ndani ya kitundu cha travatini ya kahawia, udongo mwekundu juu yake. Imetolewa kwa ruhusa ya mwenye leseni. Imesafishwa kwa maji tu.

Namba hiyohiyo iandikwe kwenye jiwe lenyewe. Paka nukta ya rangi nyeupe ya kucha upande usioonekana, iache ikauke, andika namba kwa kalamu nyembamba, kisha upake rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake. Lebo hupotea, hubadilishwa na watoto, huliwa na mende. Namba iliyo juu ya jiwe hubaki. "Songwe" pekee haitoshi, maana kuna mto Songwe, mkoa wa Songwe na eneo la Songwe la Mbeya. Andika eneo, wilaya na mkoa.

Kusafisha

Maji ya kawaida, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, mswaki laini uliozeeka. Udongo ulioshika uloweke usiku mmoja, kisha uutoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Kijiti ni laini kuliko kalsaiti; pini na sindano ni ngumu kuliko yenyewe na zitaacha mistari ambayo hakuna dawa ya kuifuta. Ukungu wa kijani unaondoka kwa jiki iliyochanganywa na maji mengi, ukisuuza vizuri baadaye. Usithubutu kuichanganya jiki hiyo na siki wala dawa ya choo, mvuke wake unaua.

Kutu ya kahawia ndiyo inayowashinda watu uvumilivu. Dukani utashauriwa ndimu au asidi, na kweli kutu itatoka, lakini pamoja nayo utatoka uso wa fuwele: kingo zitaviringika, mng'ao utakuwa wa maziwa. Ushauri wangu ni kuiacha. Kutu ile ni chuma cha ardhi ya Mbeya, ni sehemu ya historia ya jiwe hilo.

Anika kivulini. Kalsaiti ikipata joto hutanuka upande mmoja na wakati huohuo kusinyaa kwa upande mwingine, ndiyo maana badiliko la ghafla huipasua. Mwezi wa Julai, jiwe lililolala kwenye baridi ya Mbeya au Makete usilimiminie maji ya moto, na usilikaushe kando ya jiko la mkaa. Mafuta ya kupaka ili ling'ae nayo ni hapana. Yanakusanya vumbi na kuficha uso halisi.

Kabati, mwanga na mpangilio

Kabati la alminiamu na vioo linatosha kabisa, na fundi yeyote wa madirisha anaweza kulitengeneza kwa vipimo vyako. Ukipenda mbao, mbao za Mafinga ni nzuri na hazina bei mbaya, lakini ziwe zimekauka sawasawa. Mbao mbichi, na zaidi zile mbao za kugandisha kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi polepole, na kwenye kabati lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Zipake vanishi, ziache wazi wiki kadhaa hadi harufu iishe, kisha tandika kioo kati ya mbao na mawe. Kabati lisikae jikoni wala karibu na bafu.

Kila jiwe lipate kitako chake: kipande cha mbao kilichochongwa shimo la kulitosha, au sponji iliyokatwa. Huku tetemeko dogo si habari ngeni, na ukikaa kando ya barabara kuu malori ya Zambia yanatikisa nyumba kila usiku. Jiwe lililosimama bila kitako litasogea taratibu hadi ukingoni. Plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, huacha mafuta, iepuke.

Weka machache. Mawe matano yenye nafasi kati yake yatatazamwa. Mawe hamsini yatapitwa. Fuwele nyeupe zipe kitambaa cheusi nyuma yake, za manjano zipe mwanga kutoka nyuma au ubavuni ili rangi itoke ndani. Tumia taa ndogo za LED, hazina joto kubwa. Lebo iwe fupi, herufi kubwa: jina, mahali, mwaka.

Kipande safi kabisa, hata kama ni kidogo, kistahili meza yake. Kiweke juu ya karatasi yenye nukta moja ya kalamu, na mgeni ataona nukta mbili. Akikizungusha, nukta moja inakaa na ya pili inaizunguka. Kalsaiti hugawa mwanga kuwa miale miwili. Erasmus Bartholin wa Denmark alilieleza jambo hili mwaka 1669 kwa kutumia kipande kutoka Iceland. Watoto wa shule hawaondoki mezani hapo. Wape pia jiwe moja la kushikwa, kipande kilichopasuka kisicho na thamani, ili mengine yasiguswe. Na jioni zima taa, umulike mkusanyiko kwa ile tochi ya zambarau ambayo mawakala wa pesa hutumia kukagua noti bandia. Baadhi ya kalsaiti itawaka waridi, chungwa au nyeupe kwa sababu ya chembe chache za manganizi au vitu vingine ndani yake. Nyingine haitafanya kitu. Usimulike machoni. Andika matokeo kwenye kaunta buku.

Matunzo ya mwaka mzima

Vumbi la kiangazi letu lina chembe za kwatzi, nazo, kama ulivyoona kwenye jaribio la chupa, zina ugumu wa 7. Ukifuta fuwele kwa kitambaa kikavu unaisugua kwa msasa. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya kupakia poda, bila kukandamiza, au suuza kwa maji.

Kila mwaka mvua zikikata, toa mawe yote, linganisha namba na kaunta buku, tazama uso wa kila moja kwa kioo cha kukuzia. Ukiona unga mweupe unaochipuka juu ya fuwele iliyokuwa safi, hiyo ni kazi ya mvuke wa asidi ndani ya kabati. Suuza jiwe kwa maji safi, likaushe kivulini, na usilirudishe humo mpaka ubadilishe rafu.